Chura wa Horini na Kiu ya Mzee Wangu

Ng'ombe wetu hapa Kaisho tunawapa maji ya chumvi kwenye hori la udongo, na kukoroga chumvi hiyo ilikuwa kazi ya mzee wangu tangu aliponioa. Majina ya ng'ombe wale wote ninayo kichwani, na ya watu wote waliokuja kumwona alipougua, ila hapa siyataji.

Ilianza miguu kuvimba, likafuata tumbo. Hospitali wakasema ni moyo. Wakamkataza chumvi, na maji wakasema apewe kidogo, ya kupimiwa. Basi nikawa nampikia ndizi chapwa na maharage chapwa, anatafuna huku anaangalia zizini.

"Ng'ombe wanapewa chumvi," alisema. "Mimi mwenye ng'ombe nimekosa nini?"

Mjukuu wetu wa kike anayesoma sekondari alikuwa likizo, akawa ndiye anayetia chumvi badala ya babu yake. Asubuhi moja akarudi na chura mkononi.

"Nimemtoa horini kabla ya kutia chumvi, babu. Yale maji ya chumvi yangemkausha."

"Akauke yumo majini? Shule gani hiyo!"

Akamweka mlangoni, juu ya kitambaa kibichi. Chura akatandaza miguu, akabana tumbo chini, akatulia kabisa.

"Anakunywa hivyo," mjukuu akasema. "Si kwa mdomo, kwa ngozi ya tumbo. Akikaukiwa, kichwani mwake inatoka homoni, inaingia kwenye damu, inaiambia ngozi ivute maji. Na maji ya kwenye kibofu inayarudisha mwilini."

"Yaani anakunywa mkojo wake?"

"Kwa ndani, babu."

"Basi afadhali mimi na kiu yangu."

Tukacheka wote watatu. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona anacheka mpaka mabega yanatikisika. Halafu akauliza, "Na mimi ninazo hizo homoni?"

"Unazo, za namna hiyo hiyo. Moyo wako hausukumi damu vizuri, basi mwili unadhani umekaukiwa. Unashika chumvi, unashika maji. Ndiyo maana unavimba na bado una kiu."

Mzee akabonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki.

"Kumbe mwili wangu hauna habari," alisema polepole. "Unanihurumia bure."

Baada ya hapo kiu ilizidi. Midomo ilipasuka. Alikuwa akiniita, "Mama, nusu kikombe tu," na mimi nasema bado, mzee wangu, ngoja jioni. Wanawake wenzangu wa jumuiya walinivuta pembeni: "Mpe maji, dada, unamtesa." Sikumpa. Nilitaka aishi.

Siku ile ya mwisho hakuomba maji. Alisema, "Niletee kile kitambaa cha chura."

Nikakilowesha, nikamfunua shati, nikakilaza juu ya tumbo lile lililojaa maji.

"Yanaingia?" akaniuliza.

Ngozi ya mtu si ya chura, hilo hata mimi ambaye sikusoma ninalijua.

"Yanaingia, mzee wangu."

Akafumba macho, akashukuru. Alipokata roho kitambaa kilikuwa bado kibichi. Nikakitoa, nikakianika kwenye kamba kati ya migomba, nikakaa chini kukitazama, sikutaka kikauke.