Nilitupa Vidonge vya Mke Wangu Ili Duara Liteme

Kosa ni langu. Msinitafutie wa kumsingizia, maana mimi mwenyewe nilishawatafuta wote na kila mara nikarudi palepale: mkono uliovitupa vile vidonge ni huu ninaoandikia.

Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huku Segese. Nina mke, fundi cherehani, na binti mmoja, Kabula. Jina la mke wangu nabaki nalo. Nitamwita Mama Kabula, kama nilivyomzoea.

Baada ya kujifungua, mke wangu alianza kuogopa zebaki. Mwanzo nilimwona ana akili, kwa sababu zebaki ni sumu kweli, na mimi nilikuwa naishika kila siku kukamatia dhahabu. Lakini hofu ile haikuishia kwenye nguo zangu za kazi. Alinawa mikono, akanawa tena, akasahau amenawa mara ngapi, akaanza upya. Sabuni ya unga ilimchubua mpaka vidole vikatoka damu. Kumshika mtoto akawa hawezi, eti atampa sumu.

Majirani walisema amerogwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilimcheka. "Unaogopa kitu hata hakionekani!"

Tulikwenda hospitali. Daktari alisema si uchawi wala si wazimu, ni ugonjwa: wazo linakuja bila kuitwa na linamlazimisha mtu kurudia jambo lilelile. Akatupa vidonge. Akasema vinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na tusiviache ghafla bila kumwona.

Vilikaa kwenye kopo la siagi juu ya kabati kwa siku nyingi. Mama Kabula alikuwa analishusha kopo, analitazama, analirudisha.

"Baba Kabula, nikimeza nitabaki mimi huyuhuyu? Wanasema ni vidonge vya wehu, vinamfanya mtu zezeta."

"Sijui, mke wangu. Tujaribu."

Hilo ndilo jema pekee nililofanya katika habari hii yote.

Alimeza. Wiki za mwanzo alipata kichefuchefu, akataka kuacha, akavumilia. Kisha siku moja natoka kazini nikamkuta amekaa uani, Kabula yuko katikati ya magoti yake, anamsuka! Mikono mikavu, hakuna beseni karibu. Aliponiona alicheka kama msichana. Jamani, ningekufa siku ile ningekufa tajiri.

Shida ilikuwa duara letu, lile shimo la dhahabu nililochimba na wenzangu. Tulichimba miezi, mwamba wenye dhahabu hauonekani. Wenzangu wakaleta mganga. Akatupa masharti mawili: tusioge mpaka duara liteme dhahabu, na ndani ya nyumba zetu mtu yeyote asimeze dawa ya hospitali, kwa sababu itaua dawa yake na dhahabu itazama chini.

Wenzangu wote wakanigeukia. Segese ni ndogo, walijua.

Nilirudi nyumbani na vumbi langu. Nikamwambia aache kwa muda tu.

"Daktari alisema nisiache ghafla."

"Daktari hajawahi kuingia duarani! Unataka wenzangu wote wakose kwa sababu ya vidonge vyako?"

Akasema taratibu, "Mimi naitwa mgonjwa kwa kuogopa kitu nisichokiona. Na wewe unaogopa nini, Baba Kabula?"

Nikapandisha sauti. Nilipiga kelele mpaka Kabula akalia. Ndipo mama yake akapanda kwenye stuli, akashusha kopo, akanipa mwenyewe. "Chukua. Mtoto asilie."

Nilikwenda moja kwa moja chooni nikavimwaga vyote. Mjinga mimi! Hata kimoja sikubakiza.

Hofu yake ilirudi na nguvu kuliko mwanzo, na mimi nalala nyumba ileile sijaoga! Akachora mstari wa jivu mlangoni mwa chumba chake, mimi nisiuvuke. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nambeba Kabula, Kabula naye akawa amechafuka. Mtoto wa miaka mitatu akajifunza kusimama nyuma ya jivu na kumwamkia mama yake kwa mbali, "Shikamoo mama." Mama anaitikia "Marahaba" huku machozi yanamtoka na mikono ameificha ndani ya kanga.

Duara halikutema. Lilijaa maji, tukaliacha. Mganga alishaondoka zamani.

Kaka yake Mama Kabula alikuja kumchukua, akampeleka kwa mama yao kule Maganzo. Huko walimrudisha hospitali. Safari hii aliamua mwenyewe kumeza, hakumwuliza mtu. Kabula nilibaki naye mimi.

Miezi ilipita ndipo wakanipigia simu: mlete mtoto, mama yake yuko vizuri.

Tulimkuta amesimama uani. Vidole vimepona, amenenepa. Akachuchumaa, akafungua mikono yote miwili. "Njoo, mayu wangu, mwanangu. Njoo kwa mama."

Kabula akaenda mbio. Kabla hajamfikia, akasimama ghafla. Akatazama chini huku na huku akitafuta jivu. Alipolikosa, akachora mstari mwenyewe mchangani kwa kidole cha mguu, akasimama nyuma yake.

"Shikamoo mama," alisema. "Sitakuchafua."

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Mama Kabula aliuvuka ule mstari kwa magoti akamkumbatia. Mimi nilibaki getini, na hakuna aliyenikaribisha ndani.

Kabula sasa anaishi huko. Mke wangu hajarudi, na sina mdomo wa kumwomba arudi.

Wewe unayesoma hapa, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, usimcheke. Kama anasitasita kumeza, keti naye mrudi kwa daktari mkaulize yote mnayoyaogopa, na uamuzi uwe wake. Usimwamulie wewe, wala duara lako, wala rafiki zako! Mimi niliamua kwa kelele za siku moja. Juzi nilipokwenda kumwona binti yangu, nilipotaka kumbeba alirudi nyuma hatua moja, akaniuliza, "Baba, umeoga?"