Chupa Ambazo Sikuzichanganya

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilisema "ndiyo" na mpaka leo sijui kwa nini. Hebu weka simu hiyo chini, nikueleze.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nakaa kwetu Magomeni, hapahapa Mtwara. Nikapangiwa kumsaidia mtafiti kutoka Dar es Salaam, ambaye sote tulimwita Daktari. Alikuwa anachunguza nungunungu wa baharini, wale wa mviringo wanaotuchoma miguu kwenye miamba. Watu walimcheka. Nchi inataka korosho, yeye anataka miiba! Wakubwa wake nao walishamwambia: lete matokeo ya kueleweka, la sivyo kazi inafungwa.

Bi Somoe, mama wa Mikindani, ndiye aliyetuokotea nungunungu maji yakitoka. Walikuwa wa aina mbili, wa miiba mirefu na wa miiba mifupi. Daktari aliwatoa mayai na mbegu za kiume, akavikutanisha kwenye bakuli, nami nikachungulia kwenye hadubini: yai moja linakuwa mawili, manne, manane. Jamani, nilisahau hata kula! Viinitete, yaani hayo mayai yaliyoanza kukua, vya saa za mwanzo niliviweka kwenye chupa zao, na vya siku ya pili, vikishaanza kuogelea, kwenye chupa nyingine. Bi Somoe hakujua kusoma, basi kila chupa niliyoijaza aliifunga utepe wa kanga kuukuu. Mwekundu ni miiba mirefu, mweupe ni mifupi.

Sanduku la kwanza likaenda Dar kupimwa histoni. Usikunje uso, ni jambo dogo. Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu wa urithi, na histoni ni protini ambazo uzi huo huzizunguka, kama uzi wa cherehani kwenye bobini. Mimi nilichojua ni kwamba histoni za mnyama mmoja ni zilezile, tangu yai hadi uzee.

Picha ya vipimo ikaja kwa posta. Mistari ya histoni za viinitete vya siku ya kwanza ilikaa mahali pamoja, ya siku ya pili mahali pengine kabisa. Daktari akaigeuza picha juu chini.

"Ndugu Stela, hawa wanaonekana wanyama wawili. Ulichanganya chupa za mirefu na mifupi?"

Akili ikaniruka. Nilichanganya? Sikuchanganya? Mtu mzima, msomi, ananiuliza hivyo, basi lazima anajua. Nikainamisha uso.

"Ndiyo, Daktari. Nisamehe."

Hakufoka. Alichukua kalamu na karatasi.

Siku tatu baadaye nikamsimulia Bi Somoe, nikitegemea atanipa pole. Wapi!

"Ulichanganya saa ngapi wewe? Sanduku nililipanga kwa mkono wangu, nyekundu tupu. Nyeupe zote zilibaki hapa rafuni. Umejisingizia, mwanangu, na yule baba wa watu umemponza."

Nilikwenda mbio, kanga inanidondoka. Daktari alishawaandikia wakubwa kwamba kazi imeharibika, barua imeondoka, na chupa zilizobaki amezimwaga. Nikamwambia ukweli, nalia.

"Kosa ningelisamehe," alisema. "Lakini mimi nilikuuliza kwa sababu sikujua."

Akafungasha vitu vyake. Picha aliiacha mezani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilifungua kitabu nikasoma kuwa kiinitete cha nungunungu kina jeni za histoni za saa za mwanzo. Hizo hufanya kazi kwa kasi, kisha hunyamaza, na jeni nyingine za histoni hushika zamu. Mnyama ni yuleyule! Nililia mbele ya wanafunzi wangu, wakadhani nimefiwa.

Nilimheshimu yule mzee, au nilimwogopa? Bado sijui, mwanangu. Lakini wewe, ukiulizwa jambo usilolijua, hata na mimi, sema sijui. Adabu si kukubali kila neno la mkubwa. Huenda naye amekwama, anangoja jibu lako.

Ile picha iko kabatini, ichukue, ni yako. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usiotetemeka, na mkubwa atakayekuuliza akupe nafasi ya kumjibu. Amina.