Damu ya Arafa na Doti ya Kanga

Arafa wa Wete alikuwa mtu wa kujua kitu kwa kukishika. Miaka sita katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Doha, aliweza kupapasa shuka huku amefumba macho akakwambia kama ni pamba tupu au ya kuchanganya, na hakosei. Karatasi ya maabara ndiyo iliyomshinda, maana hata ukiipapasa haisemi kitu.

Yeye na Makame walitaka kuoana. Makame, dereva wa basi la shule kule Al Wakrah, ni mtoto wa shangazi yake, na kwao Pemba ndoa ya mabinamu hupigiwa vigelegele: damu haikutoka nje. Lakini Qatar wachumba hupimwa kwanza, na majibu yalipotoka, daktari akawaambia wote wawili ni wabebaji wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Warudi Alhamisi waseme kama wanaendelea au wanaacha.

"Mungu ndiye mgawaji, bibie," alisema Makame. "Tutie saini." Mapenzi yakimjaa mtu, hata daktari humwona mfitini.

Arafa akaenda kwa Nasimiyu, Mkenya wa Bungoma waliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, mfanyakazi wa maabara.

"Keti hapa dada, usipaniki," alisema Nasimiyu, akamfungulia kwenye simu picha aliyoipiga chuoni, damu ya mgonjwa chini ya hadubini. "Hizi za mviringo ni seli nyekundu, ndizo zinabeba oksijeni mwilini. Tone moja tu liko na mamilioni. Na hizi zimepinda kama mundu ndizo zinakwama kwa mishipa, mtoto analia mifupa inauma."

Arafa aliishika simu kwa mikono miwili. Mamilioni, katika tone lisilotosha kuchafua leso! Na yote hayo yalikuwa yakizunguka mwilini mwake huku yeye akipiga pasi na kulalamikia joto. "Subhanallah," alisema, akaona haya kama aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, na nyumba yenyewe ni yake.

"Sasa mie nnazo hizo zilizopinda?"

"Wewe uko sawa. Umbo la seli linaamuliwa na vinasaba, na hivyo vinakuja viwili viwili, kimoja cha mama, kimoja cha baba. Chako kimoja kizima, kimoja kina kasoro. Na hicho chenye kasoro kikiwa kimoja, kinakukinga na malaria kali. Labda nyanya yako alipona malaria juu ya hicho."

"Viwili viwili," Arafa alirudia. Akainuka, akatoa sandukuni doti mbili za kanga, kila doti vipande viwili vilivyoungana. Hakuna mwanamke wa kwao asiyejua kukata doti akampa mwenziwe kipande. Akakata zote mbili, akafunga fundo kwenye kipande kimoja cha kila doti. "Huyu mie, huyu Makame. Kila mmoja ampa mtoto kipande kimoja, wala hachagui."

"Enhee!"

Akavipanga kitandani. Vizima viwili. Kizima na chenye fundo. Chenye fundo na kizima. Mara ya nne: fundo na fundo.

"Robo," alisema Nasimiyu taratibu. "Na kila mimba ni upya."

Robo hiyo Arafa aliijua. Kaka yake Bakari alikufa na miaka saba, akilia maumivu ya magoti. Mtaa ulisema mama yao ana shetani anayekula watoto, na aliyeanza kusema ni shangazi, mama yake Makame. Arafa mwenyewe, Mungu amsamehe, aliwahi kuamini. Sasa alitazama vile vipande: kimoja hakitoshi. Kimoja cha mama, kimoja cha baba, na hakuna aliyechagua. Akalia, na kilichomliza zaidi ni ukubwa wa jambo. Kitu kisichoonekana kwa jicho kimepokezanwa na mababu ambao hata majina yao hayajulikani, kikiokoa huku na kuua kule, mpaka kikafika kwenye kitanda cha chuma Al Mansoura.

Alhamisi alimwambia Makame hapana, mlangoni mwa kituo cha afya, naye akimpenda vilevile. "Nimelala kitanda kimoja na Bakari. Siwezi kumwita mwengine aje alie vile." Makame akatoa funguo za basi mfukoni, akaondoka bila ugomvi.

Jioni Arafa akampigia mama yake, akamweleza yote, kanga na fundo.

"Kwa hivyo Makame umemkosa," alisema mama.

"Nimemkosa."

"Na Bakari wangu... vilitakiwa vipande viwili?"

"Viwili, mama. Peke yako usingeweza."

"Miaka ishirini na miwili," alisema mama, "kila harusi nakaa nyuma, wasije wakasema nawatazama watoto wao. Jumamosi kuna ya kwa kina Salim. N'takwenda kukaa mbele."