Matairi ya Kwenda Ukweni

Muuza matairi wa Musoma anayeijua kazi yake hakuulizi kwanza una gari gani. Gari analiona mwenyewe, limesimama pale nje. Anauliza: "Mnaendaga wapi sana?" Swali hilo nimelisikia mara tatu katika ndoa yangu, na mara zote tatu alijibu mume wangu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na pochi yangu kwapani, ingawa nusu ya lile pikapu ilitoka kwenye magunia ya dagaa niliyokuwa nikiyapokea alfajiri pale mwaloni Mwigobero, mitumbwi inapotia nanga. Hata leo ukifungua mlango wake linanuka kazi yangu, si yake.

Mara ya kwanza tulikuwa ndiyo tumelinunua. Lilikuja na matairi kipara, ukipitisha kiganja juu yake unadhani unapapasa sahani. Muuzaji akatutandikia aina tatu sakafuni. Kulikuwa na ya lami, laini, ya watu wasiotoka mjini. Kulikuwa na yenye meno makubwa yaliyoachana, ya matope. Na katikati ya hayo kulikuwa na yale aliyoyaita ya njia zote, ambayo yeye mwenyewe, ilionekana wazi, ndiyo alitaka kuyauza.

"Mjini, na Butiama kwa wazee," mume wangu akajibu.

"Basi chukua hizi za njia zote, mzee. Ubavu wake mnene, mawe ya Butiama hayakufanyi kitu. Na kwenye lami inatulia."

"Na Bunda," nikasema.

"Bunda ni lami," akasema mume wangu, bila kunigeukia.

Alisema kweli. Kutoka Bweri, tunakoishi hapa Musoma, hadi Bunda ni lami tupu. Lakini mama yangu hakuzaliwa kwenye lami wala hakuolewa kwenye lami. Ukishavuka Bunda mjini unaiacha barabara kuu, unaingia kwenye mbuga, na mbuga ya kwetu si ya wanyama wa kupigwa picha. Ni bonde la udongo mweusi tunakolima pamba na mpunga. Kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumvunja mbuzi mguu. Mvua ikinyesha unageuka kitu ambacho si udongo na si maji, kinakushika unyayo na hakikuachii. Nilimweleza muuzaji hayo yote. Nilimwambia kwamba udongo ule unaganda kwenye tairi tabaka juu ya tabaka, mpaka huoni tena kama tairi liliwahi kuwa na meno.

Muuzaji akakuna kichwa. "Kama kuna mbuga, mama ana hoja. Hizi za njia zote meno yake yamekaribiana. Udongo mweusi ukijaa humo hautoki."

Mume wangu akacheka. "Tunaendaga mara ngapi huko?"

Tulikuwa hatuendi. Hatukuwa tunaenda kwa sababu hapakuwa na cha kwendea, na hapakuwa na cha kwendea kwa sababu hatukuwa tunaenda. Tukafungiwa matairi ya njia zote, na njia zote zikawa zote kweli, isipokuwa ya kwetu.

Mama aliposikia tumenunua gari alifyeka uwanja. Kati ya ghala la mtama na ua wa ng'ombe palikuwa na kipande cha ardhi alichokuwa akipanda mchicha. Aling'oa mchicha wote, akapasawazisha kwa jembe, akapafagia kila asubuhi, na mtu akiuliza akawa anamwambia ni mahali pa gari la mkwe. Wake za kaka zangu walimcheka chinichini. Nilipomwonyesha picha ya gari kwenye simu alinitaka nilikuze mpaka aone matairi. Akasema siku likifika hapo atachinja jogoo. Jogoo wakawa wanazeeka mmoja baada ya mwingine, mama akawa anachagua mwingine.

Mkwe mwenyewe, mama hakutarajia kumwona kwa karibu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Haingii nyumbani mwake, hali mbele yake, hakai naye kiti kimoja. Mama alikuwa ameshapanga yote: mkwe angepokewa kwa kaka yangu mkubwa, angekula huko, na yeye angeliangalia gari kupitia kidirisha cha nyumba yake, akiwa ameketi kwenye kigoda chake. Hicho tu ndicho alichokitaka, gari la binti yake lisimame kwenye uwanja wake, na majirani waone.

Na mume wangu aliijua mila hiyo vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Kiangazi, udongo ukiwa mkavu na hata baiskeli inapita, nilikuwa nikimwomba twende.

"Mkwe haendi hovyo hovyo," alikuwa ananijibu. "Mimi namheshimuga sana mama yako."

Mvua zikianza, nikimwomba tena, ananionyesha matairi. Masika alikuwa na udongo, kiangazi alikuwa na heshima. Kwao Butiama tulikwenda kwenye harusi, kwenye misiba, kumpelekea shangazi yake mbolea, kumpelekea baba yake dawa ya ng'ombe, na wakati mwingine kwenda kukaa tu. Kwetu nilikwenda peke yangu, basi hadi njia panda, kisha bodaboda ikikubali, na isipokubali nilivua viatu nikatembea. Kuendesha sikujua. Nilimwomba anifundishe, akasema gari si cherehani.

Matairi yale yakaisha, tukarudi dukani. Swali lile lile, jibu lile lile. Safari hii nilijitutumua nikasema mbele ya watu kwamba nataka yale ya meno makubwa. Mume wangu akanieleza kwa upole, jinsi anavyomweleza mtoto, kwamba tairi za matope zinapiga kelele kwenye lami, zinakula mafuta na zinaisha upesi. Yote matatu ni kweli. Kuhusu matairi mume wangu hajawahi kunidanganya hata siku moja, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kugombana naye. Ningemshika kwa lipi?

Masika ya mwaka uliofuata kaka yangu akapiga simu. Mama amevimba miguu, kupumua kunamsumbua, na hakuna bodaboda inayokubali kuingia. Siwezi kusema mume wangu alikataa. Aliacha chakula mezani, akawasha gari, tukaenda. Pale njia panda akashusha tairi za mbele kwenye mbuga, gari likaenda kama urefu wa nyumba mbili, kisha likaanza kuteleza kwa ubavu. Nilichungulia nje. Matairi yalikuwa yamejaa, hayana jino hata moja, meusi na laini kama mwiko uliotoka kwenye ugali wa muhogo. Akarudi nyuma hadi kwenye lami, kwa shida.

"Si nilikuambia?" akasema.

Alikuwa ameniambia nini? Mpaka leo natafuta. Nilivua viatu nikashuka.

Nyumbani kaka zangu walikuwa wamekwisha kufunga ng'ombe kwenye tela. Tukamlaza mama kwenye godoro, tukamfunika kanga zote tulizokuwa nazo, na ng'ombe wanne wakamvuta taratibu hadi barabarani. Ng'ombe wanapita popote, hakuna aliyewauliza wanakwenda wapi sana.

Mume wangu alitusikia tukija. Akashuka, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria, kisha akaenda kusimama ng'ambo ya gari na kutugeuzia mgongo, kama mila inavyotaka. Mama akatazama kile kiti. "Nikae na mkwe kiti kimoja? Mwanangu, una akili kweli? Niweke nyuma."

Mvua ilikuwa inanyesha. Kaka yangu mkubwa anajua kuendesha, amewahi kuendesha trekta la pamba misimu mingi. Nikamfuata mume wangu ng'ambo.

"Baba, mpe shemeji yako funguo. Wewe kaa nyuma, mama akae ndani."

Aliitazama mvua, akaitazama suruali yake. "Gari hii haijamzoea mtu mwingine," akasema.

Tukampandisha mama nyuma, pale panapokaa magunia yangu, nikamfunika turubai la dagaa nikaingia naye humo. Mvua haikuwa kubwa. Naandika hivyo nisije nikamwonea mtu. Ilikuwa ya kawaida, ile inayolowesha polepole. Mume wangu alikuwa ndani peke yake, kioo kimefungwa, kiti cha abiria kitupu. Nilikiona kupitia kioo cha nyuma njia nzima hadi hospitali, na nilimchukia. Sina neno jingine la kuweka hapo.

Mama alitoa mkono chini ya turubai, akapapasa ubavu wa bodi. "Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Ni nzuri. Kiangazi mje nayo nyumbani." Akavuta pumzi kidogo, akaongeza, na sauti yake ilikuwa na furaha: "Umemwona mkwe wangu lakini? Hata usoni hajanitazama. Wenzangu wakwe zao wanaingiaga mpaka jikoni."

Nikamwambia ndiyo mama, nimemwona.

Hakukifikia kiangazi. Hospitali walimtoa, tela likamrudisha nyumbani, na kabla mvua hazijakatika akafariki. Siku ya mazishi magari yote yaliachwa kwenye lami. Mume wangu alikuja kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini, matope yamempanda, na wazee wakamsifu mbele ya watu kwamba huyu ni mkwe wa kweli, ametembea. Nilikuwa nimeketi na wanawake, nikafunika uso kwa kanga. Walidhani nalia.

Mara ya tatu dukani ilikuwa mvua za kwanza baada ya tanga kuanuliwa. Matairi ya wakati ule hayakuwa yameisha. Yalikuwa na maisha ya mwaka mzima ndani yake, kwa hiyo nilishangaa aliposimama pale kwa muuza matairi wetu, ambaye sasa alikuwa na mvi na miwani.

"Mzee, karibuni. Mnaendaga wapi sana siku hizi?"

"Bunda," akasema mume wangu. "Ukweni."

Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo ndani ya gari lile. Akaendelea. Akamweleza muuzaji kuhusu udongo mweusi wa kule, kwamba unaganda kwenye tairi tabaka juu ya tabaka, mpaka huoni tena kama tairi liliwahi kuwa na meno. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Kumbe siku ile alinisikia. Akasema anataka yale ya matope, yenye meno makubwa kuliko yote yaliyopo dukani, na muuzaji alipomkumbusha juu ya kelele, akasema kelele si kitu.

Ndipo nikaelezwa, pale pale, kwa mkato, wakati jeki inapandisha gari. Yeye na kaka yangu mkubwa walikuwa wamezungumza. Shamba la mpunga la mama limekaa bure, udongo ule unazaa, naye atalilima, wagawane mavuno. Itabidi awe anakwenda kila wiki. Mimi sikuulizwa, si na mume wala na kaka.

Muuzaji alinitazama juu ya miwani yake akatabasamu kwa nia njema kabisa. "Mama, hatimaye umeshinda."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Matairi yaliunguruma kutoka Bweri hadi Bunda, hatukuweza hata kuzungumza, jambo lililonifaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mbuga ilikuwa inang'aa. Pale njia panda nikamwambia asimame. Nikavua viatu.

"Sasa tairi nimenunua za nini?" akauliza, na alishangaa kweli, hakuwa anaigiza.

"Nenda nalo," nikamwambia. "Linapita."

Lilipita. Meno yalikuwa yanang'oa udongo na kuutupa nyuma vipande vipande, na gari halikuyumba hata mara moja mpaka likapotelea kwenye miti ya kwetu. Nilifuata alama zake, zimechimbika na maji yanaingia ndani yake. Nilitembea kama nilivyotembea siku zote, sikuharakisha. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikusikia baridi ya matope.

Nilipofika, gari lilikuwa limesimama kati ya ghala la mtama na ua wa ng'ombe, mahali penyewe hasa, ambapo wake za kaka zangu hawakuwa bado wamepapanda kitu. Majirani walikuwa wamelizunguka. Mmoja akaniambia kwa furaha, "Ingekuwa mama yako yupo!" Nilipita. Harufu ya kuku ilikuwa inatoka si kwa kaka yangu, bali kwenye nyumba ya mama, na nikaufuata mlango ambao mume wangu hakuwahi kuuvuka kwa sababu ya heshima.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, chini ya kile kidirisha, amekunja mikono ya shati, na bakuli la jogoo mbele yake. Aliniona nimesimama mlangoni na viatu mkononi, akanisogezea nafasi.

"Karibu," akaniambia. "Karibu ndani."