Naimo Alivyokataa Kuhama Kivulini

Naimo Jelle aliuza maziwa ya ngamia hapa Garissa, kivulini karibu na soko la mifugo. Kila asubuhi alifukiza madumu yake kwa kijinga cha moto, na maziwa yake, mashallah, yalinukia moshi vizuri. Kiswahili alikijua kutushinda sisi wauza maziwa wenzake sote, maana alikulia Masalani, kule kuelekea pwani.

Mwaka wa tisini na sita afisa wa soko alikuja akatangaza kwa Kiswahili, akaenda zake. Wengi wetu, wenye Kisomali tu, hawakuelewa, na Naimo siku hiyo hakuwapo. Kesho yake viti vyao vikatupwa. Kumbe tumeamriwa tuhamie nyuma ya machinjio. Maziwa, kwenye harufu ile! Tukalalamika hadi akakubali kuita kikao.

Wiki hiyohiyo Naimo alipata kaseti ya binti yake Ugbad, aliyeolewa na mkimbizi wa Dadaab, wakapelekwa Finland. Siku zile watu walituma sauti kwenye kaseti. Ugbad alisema mji wao uko kando ya bahari inayoganda, na wenyeji wana lugha mbili, Kiswidi na Kifini.

"Hooyo, mama yangu, hata kibao cha njia kimeandikwa mara mbili. Ukiingia ofisini unajibiwa kwa lugha yako, hata kama wenzako ni wachache."

Naimo akarudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena.

Siku ya kikao afisa alimwambia, "Mama, wewe unanielewa. Waambie hawa wahame, na wewe nitakuacha hapahapa kivulini."

Naimo akamjibu kwa Kisomali.

"Sema Kiswahili, mama!"

Kisomali tena, taratibu kabisa.

"Lakini juzi uliniuzia maziwa kwa Kiswahili!"

Faduma, yule mwenye mdomo, akatuambia kwa Kisomali, "Maskini huyu afisa, jua limempiga. Anazungumza na maziwa." Tukacheka.

Afisa akaapa kumfukuza sokoni kabisa. Naimo akaketi juu ya dumu, akanyoosha miguu. Jua likapanda, maziwa yakaanza kuchacha, wallahi hakuinuka, nasi hatukuinuka. Mwishowe afisa akamwita Abdille, dalali wa ngamia, atafsiri. Kikao kikaanza upya, na kila mwanamke akasema lake kuhusu machinjio, hata wale ambao hawajawahi kufungua kinywa mbele ya serikali. Afisa akajikuna kichwa.

"Basi, bakini."

Alipogeuka kuondoka, Naimo akamwita kwa Kiswahili safi. "Mwanangu, njoo unywe kikombe, umechoka. Na ukiwa na tangazo lingine, uje na Abdille."