Kang'ombe Tu

Mwaka niliomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, kiangazi kilikaza mpaka nyasi za mlimani zikawa kama ufagio. Baba akawashusha ng'ombe kwenye bonde la matope, palipobaki na majani mabichi. Nilimwambia bonde lile lina konokono, na kwamba minyoo ya ini hutoka kwa konokono, ikaganda kwenye majani ikimsubiri ng'ombe. Akaniuliza kama chuoni walinionyesha bonde jingine.

Wa kwanza kuugua alikuwa jike mwekundu, mkubwa kuliko wote. Alikuwa na mimba, amekaribia kuzaa, na baba alimsubiri ndama kwa hamu, kwa sababu huyo alikuwa wa mwisho wa uzao alioachiwa na babu, na hakuwa amewahi kuzaa jike. Jioni, akirudi malishoni, chini ya taya palining'inia uvimbe laini kama mfuko wa maji. Asubuhi ulikuwa umenywea, na baba akasema anapona. Jioni ulirudi.

Tukaenda Kayanga, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa kijana aliyehamia karibuni kutoka mbali. Alimpa baba shikamoo, kisha akauliza ng'ombe ana ukubwa gani, maana dawa hupimwa kwa uzito.

"Kang'ombe tu," baba alisema. "Kadogo, kamekonda."

Kwetu hiyo *ka* ni adabu. Mwenye ng'ombe hamsifu ng'ombe wake mbele za watu; akimkuza kwa maneno, amemwanika kwa macho mabaya. Kila Mnyambo aliyekuwa pale dukani alielewa kwamba kang'ombe hako kana kifua kama mlango. Muuzaji alisikia kadogo, akapima dawa ya kadogo.

Nikamwambia aongeze, ng'ombe ni mkubwa. Mzee mmoja nyuma yetu akacheka.

"Huyu ndiye msomi wako? Mwache apime na pembe."

Baba alimwambia muuzaji asinisikilize, ng'ombe nimewaona vitabuni tu. Tulipofika nyumbani akasema, "Umemvua nguo mbele za watu."

Niliuliza nani hasa angemdhuru ng'ombe kwa kusikia uzito wake. Baba alimnywesha dawa ile, na kwa siku kadhaa uvimbe haukuonekana hata jioni. Nikaanza kujitilia shaka. Huenda mimi nami nilikuwa naamini tu, ila naamini karatasi. Kisha uvimbe ukarudi, mkubwa zaidi. Bwana mifugo alipofika, alifunua kope la ng'ombe. Ndani palikuwa peupe kabisa, kama hapana damu. Akauliza alinyweshwa kiasi gani. Baba alimwonyesha chupa. Bwana mifugo, ambaye ni mwenyeji, aliitazama chupa, akamtazama ng'ombe, akaelewa bila kuelezwa. Akampa dawa ya kumtosha, akasema minyoo huenda ikafa, lakini ini lililokwisha kuliwa halirudi.

Alizaa akiwa amelala. Ndama alikuwa jike, mwekundu kama mama yake, na alisimama. Mama hakusimama tena.

Tulipompasua, ini lilikuwa gumu, kisu kikikwaruza kama kwenye mchanga. Katika mirija yake mlikuwa na minyoo bapa kama majani madogo, mingine bado ikijikunja. Baba hakuwarushia mbwa ini lile. Alichimba shimo, akalifukia. Alipomaliza aliwageukia ng'ombe waliobaki zizini.

"Wewe uliyesoma," alisema kwa sauti ya chini, "na hawa wanayo?"

Nilimwambia naamini wanayo wote, na kwamba tukiwatibu na kuwarudisha bondeni, wataiokota upya.

Mvua ilikuwa bado. Nyuma yetu ndama alilia, akitaka maziwa, na wenye maziwa walikuwa hawa hawa, nao walitaka nyasi. Baba akachukua fimbo, akafungua zizi, akawaswaga kuelekea bondeni. Sikumzuia.