Siku Shosho wa Angani Alipokosa Kurudi

Kaka yangu ana sauti nzuri kuliko sura, na hilo namwambia hata mbele za watu. Kwa sauti hiyo amekula miaka mingi hapa Voi, ndani ya banda la mabati nyuma ya soko, akitafsiri filamu za Kizungu. Filamu inaonyeshwa ukutani, sauti yake inashushwa, na yeye anakaa kando na maikrofoni akisema kila kitu: shujaa yeye, adui yeye, bibi harusi yeye, mpaka mbwa anayebweka. Watu wanamwita Dijei. Mimi nauza chai na viazi karai pale mlangoni, kwa hivyo nayasikia yote, nitake nisitake.

Filamu za roketi mimi sizipendi, niseme ukweli. Watu wazima wamevaa kama mafundi wa kuchomelea vyuma, wanazunguka gizani, hawapiki, hawafui, hawana hata jirani wa kugombana naye. Lakini kulikuwa na ile moja ya mfululizo, ya watu waliopoteza dunia yao wakawa wanatafuta kwao pengine huko juu, na hiyo watu waliipenda vibaya sana. Waliipenda kwa ajili ya kapteni. Alikuwa mwanamke mzee wa mvi, mkali, ambaye wote chomboni walimwogopa na wote walimkimbilia. Kijana akikosea usukani, kaka alimfanya yule kapteni akohoe kidogo kisha aseme, "Wewe mbuzi tu alikushinda kumfunga, leo nikuachie chombo?" Banda zima lilikuwa linalia kwa kicheko. Vijana wakampa jina, Shosho, yaani bibi.

Mimi nilicheka nao, ila nilijua ni nani anayeongea. Yale yalikuwa maneno ya mama yetu, kule nyumbani Chawia mlimani, na kile kikohozi kilikuwa chake. Kaka hakuwahi kukiri. Nikimwuliza alikuwa ananiambia, "Chunga viazi vyako, vinaungua."

Sehemu ya tatu ilifika wiki ile ile tuliyomzika mama.

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtamwona kaka yangu mtu mbaya. Mama alipolazwa huku chini Voi, yeye ndiye aliyekuwa naye hospitali, kwa sababu ndiye kifungua mimba. Baba alibaki mlimani na ng'ombe na yale magoti yake. Kila jioni alikuwa anapiga simu kuuliza, na kila jioni kaka alimjibu kwamba mama anaendelea vizuri, amekunywa uji, ameuliza habari za mahindi. Mama alikuwa hanywi chochote. Nilimwambia kaka, mficha maradhi kifo humuumbua, mwambie mzee ukweli. Akaniambia kesho. Basi kesho ikafika bila mama, na kaka akakaa kwenye benchi la hospitali na simu mkononi na lile domo lake lote, asiweze kumpigia baba. Kwetu habari ya namna hiyo ni ya mtoto wa kwanza kumpelekea baba. Ikapelekwa na jirani, ambaye aliipata kwa mtu mwingine njiani. Baba aliambiwa akiwa anakama.

Kwenye mazishi kaka alisimama nyuma kama mtu aliyepita tu njia. Hakulia, hakuongea, na kabla chakula hakijapakuliwa alikuwa ameshateremka Voi. Tangu hapo hakupanda tena Chawia. Krismasi alikuwa na kazi, Pasaka alikuwa na homa. Baba hakuwahi kumlaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikienda kumwona alikuwa ananiuliza swali moja tu: "Mwenzako atakuja lini?" Mzee alikuwa anapungua mwili, macho yanaingia ndani, na nilikuwa na hofu kwamba siku kaka atakapopanda itakuwa ni kwa jeneza la pili.

Turudi kwa sehemu ya tatu. Shosho alijifungia upande wa nje wa chombo ili wenzake wapone, akafa. Hata mimi wa mlangoni niliona. Walimvika sanda nyeupe, wakasimama kwa mstari, wakamwachilia gizani. Nilikuwa nimeshika birika, nikamsubiri kaka aseme. Akakohoa, akasema kwa furaha kabisa, "Wamemfunika blanketi, jamani, huko juu kuna baridi! Anapelekwa kutibiwa kwenye nyota ya pili. Sehemu ya mwisho atarudi, mtamwona kwa macho yenu!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa juu ya ndoo.

Wakasubiri sehemu ya mwisho, na kungoja kukawa kwa miaka. Wenye simu nzuri walikuwa wameiona ile ya tatu kwa Kiingereza, wakasema Shosho ameshakufa, hadithi imeisha. Ala! Pale stendi ya bodaboda nusura wapigane. Hawa wa banda wakasema, "Nyinyi Kizungu mmekijulia wapi? Dijei amesema ni blanketi." Yaani waliamini kaka yangu kuliko wenye filamu. Kulikuwa na mama mmoja muuza vitunguu wa Maungu aliyekuwa akiniuliza kila akija soko, "Shosho bado kupona?" Nilikuwa namjibu bado, na moyoni nilikuwa namkasirikia. Nilijiambia, mama wa kuigiza ana watu wa kumwulizia hali, na mama yangu mimi mwanawe mwenyewe hataki hata kulitaja jina lake.

Sehemu ya mwisho ilipofika, ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na banda lilifurika. Muuza vitunguu alikuja na kitenge kipya. Mzee mmoja wa Kasigau, ambaye ndovu walikuwa wamemlia shamba lote la pojo, alikuja hivyo hivyo na vumbi lake, akasema afadhali aone jambo moja likiisha vizuri.

Kaka alianza vizuri, lakini kadiri filamu ilivyosonga sauti ilikuwa inapungua. Watu walimwitia Shosho kila mlango ulipofunguka kwenye picha. "Ni yeye!" Si yeye. "Huyo sasa!" Si yeye. Mwisho chombo kikatua kwenye nchi ya majani mabichi. Wale waliobaki wakatoka, wakatafuta jiwe, wakaliweka chini, wakaweka juu yake ile kofia ya Shosho ya ukapteni. Hapakuwa na kitu chini ya lile jiwe. Wakasimama wakilia, na maandishi yakaanza kupanda.

"Dijei, sema! Shosho ako wapi?"

Maikrofoni ilikuwa inatoa pumzi za kaka tu.

"Dijei, wacha mchezo!"

Nikaacha mafuta jikoni, nikaingia ndani. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, si kwa sauti ya Dijei, kwa ile aliyozaliwa nayo, "Shosho alikufa. Alikufa ile sehemu ya tatu. Lile halikuwa blanketi, ilikuwa sanda. Nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu, na maneno yote ya Shosho yalikuwa ya mama. Nilishindwa kuwaambia. Nisameheni."

Wacha wee! Kiti cha plastiki kikaruka. Kijana wa boda akapaza sauti, "Umetucheza, Dijei! Hiyo miaka yote!" Wale wa Kiingereza wakaanza, "Si tuliwaambia?" Wengine wakawa wanalia kweli kweli, machozi ya kamasi, kwa ajili ya mtu wa ukutani. Muuza vitunguu alijifunika uso na kitenge. Mimi nilikuwa tayari kupigana, mwiko wa viazi ulikuwa bado mkononi.

Ndipo yule mzee wa Kasigau akainuka. Akapita katikati ya makelele, taratibu, mpaka pale mbele. Akavua kofia, akampa kaka mikono yote miwili, akasema, "Pole sana kwa msiba."

Basi. Huku kwetu mtu akishasema hivyo, huwezi kubaki umeketi. Muuza vitunguu akafuata. Wakafuata wa boda, na yule aliyerusha kiti, kichwa chini. Wakajipanga mstari, mmoja mmoja, mkono kwa mkono: pole, pole sana, Mungu akutie nguvu. Mmoja alikuwa amechelewa kufika, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mazishi ni lini?" Nilicheka, na katikati ya kile kicheko nikajikuta ninalia. Pole walinipa na mimi.

Wakatoa mabenchi nje, wakakaa kama watu wanavyokaa matangani. Mtu akaenda dukani akarudi na sukari na majani, nami nikachemsha sufuria kubwa. Wakamwuliza kaka mama alikuwa mtu wa namna gani. Akawaambia. Aliongea mpaka jua likahamia upande wa pili wa banda, na hakuna aliyemkatiza.

Kisha akaniomba simu. Alisema yake haina chaji, lakini nadhani aliogopa kwamba baba akiona namba yake hatapokea. Akapiga palepale, mbele yetu. Baba akaita jina langu. Kaka akasema, "Ni mimi, baba." Mimi nikakaribia nikamshika bega.

"Baba," akasema, "mama amekufa."

Watu wote pale benchini waliacha kunywa chai. Baba alikuwa amekaa na kaburi lile nje ya mlango wake kwa miaka, amelipalilia kwa mikono yake. Nilidhani atakasirika, au atauliza kama mwanawe ana akili timamu. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tulimsikia sote akivuta pumzi.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Njoo tulie."